Gari Linachemsha Foleni, AC Inapuliza Joto

Kuanzia Desemba hadi Machi, ukipita Barabara ya Morogoro jioni kati ya Ubungo na Kimara, hukosi kuona gari limeegeshwa kando, boneti juu, dereva kasimama pembeni na kidumu cha maji. Ukimuuliza, atakwambia limeanza kuchemsha ghafla. Mhoji zaidi kidogo: AC ilikuwaje siku za karibuni? Hapo ndipo anakumbuka kwamba tangu wiki iliyopita AC ilikuwa inapooza vizuri gari likiwa kwenye mwendo, lakini foleni ikisimama inaanza kupuliza hewa ya uvuguvugu. Alidhani gesi imepungua. Akashusha vioo, akavumilia.

Mara nyingi gesi haijapungua. Feni ndiyo iliyokufa, na AC ilitangulia kulalamika kabla ya injini. Wengi wetu tunaendesha magari ya Kijapani yaliyokwishatumika, na likitushika joto tunakwenda kwa mafundi wawili tofauti. Wa AC anajaza gesi, wa injini anatoa thamostati, tunalipa kotekote na ugonjwa unabaki palepale.

Tuanze na jinsi vitu hivi viwili vinavyohusiana, maana ukishaelewa hapo, nusu ya uchunguzi umeshaifanya. AC haitengenezi baridi. Kazi yake ni kuhamisha joto: inalichukua ndani ya gari na kwenda kulimwaga nje kupitia kondensa. Chuchumaa mbele ya gari lako uchungulie kwenye grili. Ule wavu wa alumini wa kwanza unaouona si rejeta, ni kondensa. Rejeta iko nyuma yake kwa nafasi ya vidole viwili hivi, na kwenye magari mengi madogo feni ziko nyuma ya rejeta. Hewa inayopita ni moja. Inapita kondensa kwanza, inabeba joto la AC, halafu ikiwa tayari imeshapata moto ndiyo inakwenda kupooza maji ya injini. Gari likiwa kwenye kilomita 80 kwa saa, upepo wa safari unatosheleza vyote viwili. Likisimama, hewa yote inategemea feni.

Ndiyo maana feni ikidhoofika, kondensa huumia mwanzo. Presha ya gesi upande wa juu inapanda, baridi inapotea, na ikizidi kupanda swichi ya presha inakata kompresa, ile pampu ya gesi, isije ikapasuka kitu. Injini hustahimili kidogo kwa sababu ina lita kadhaa za maji ya kumeza joto, lakini zamu yake inafika. Magari mengi ya miaka ya 2000 kuja huku yana kinga nyingine pia: injini ikipita kiwango fulani cha joto, kompyuta yenyewe inaikata AC ili kuipunguzia injini mzigo. Kwa hiyo AC ikizima ghafla ukiwa unapanda mlima, jicho la kwanza lielekee kwenye mshale wa temperecha, kabla hujaanza kuilaumu gesi.

Kama gari lako halina mshale, kama ilivyo kwa Passo na ndugu zake, una taa ya bluu ya injini baridi na taa nyekundu ya hatari. Katikati hapo huambiwi kitu. Hata mshale wenyewe usiuamini sana. Watengenezaji wengi huufanya ukae katikati injini ikiwa nyuzi 80 au ikiwa 100, ili dereva asihangaike, hivyo ukiuona umeanza kupanda, mambo yameshaharibika muda. Kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani kinachosoma kompyuta ya gari na kutuma takwimu kwenye simu kinauzwa kwa bei isiyofikia hata ya kujaza gesi. Kwa magari mengi kinakuonyesha joto halisi la maji ya injini. Kwa maoni yangu hiki ndicho chombo cha kwanza mwenye gari la mkononi anapaswa kununua, kabla hata ya mazulia na muziki.

Linachemsha lini?

Fundi mzuri ataanza na swali hilo, na wewe uwe na jibu. Kuna gari linalochemsha kwenye foleni na kupoa likianza kukimbia. Kuna linalotulia foleni likachemsha kwenye mwendo au mlimani. Na kuna linalochemsha dakika tano tu baada ya kuwashwa asubuhi. Hayo ni magonjwa matatu, na tiba zake hazifanani.

La foleni ni la hewa, yaani feni na njia ya upepo. Kulipima hakuhitaji gereji. Washa gari, washa AC, weka kwenye baridi ya mwisho, kisha nenda mbele. Kwenye Toyota nyingi ndogo, kompresa ikishika tu, feni zinapaswa kuanza kuzunguka. Chukua karatasi moja ya daftari uiachie mbele ya kondensa kupitia grili. Ikivutwa ikanata kwenye wavu, feni inavuta. Ikidondoka, feni haina nguvu au haizunguki kabisa. Ikisukumwa nje, mrudie fundi umeme wa mwisho, kwa sababu amegeuza nyaya za mota na feni inazunguka kinyume, inapuliza joto la injini kwenye kondensa badala ya kuvuta hewa safi. Kosa hili lipo zaidi ya unavyodhani, hasa baada ya mota kubadilishwa kwa ile ya mtumba yenye soketi tofauti, na huwezi kuligundua kwa kutazama tu maana feni inaonekana inazunguka vizuri.

Tahadhari hapa: feni ya umeme inaweza kuanza yenyewe wakati wowote, hata injini ikiwa imezimwa, mradi maji ni ya moto. Vidole, kanga na tai viwe mbali.

Feni isipozunguka, fuata umeme kwa mpangilio. Fyuzi kwanza. Halafu relei: kwenye boksi la fyuzi kwa kawaida kuna relei nyingine inayofanana nayo kabisa, zibadilishe nafasi uone kama feni inaamka. Kisha mota: ikiwa umeme unafika na haizunguki, lakini ukiigonga taratibu kwa kijiti kirefu inaamka, brashi zake za ndani zimekwisha. Hiyo itakuacha njiani siku si nyingi. Mwisho ni sensa inayoiambia kompyuta joto la maji.

Mafundi wetu wengi hukwepa mlolongo huo wote kwa kuunganisha feni moja kwa moja na swichi ya funguo, izunguke muda wote. Sitawalaani kabisa. Kama uko Chalinze usiku na watoto ndani ya gari, fanya hivyo ufike. Ila ukiliacha hivyo mwaka mzima, mota itachakaa mapema, na chanzo chenyewe, tuseme sensa iliyokufa, kitaendelea kuidanganya kompyuta ya injini kwa namna nyingine, pamoja na kulinywesha gari mafuta zaidi.

Kwa pikapu na magari makubwa kama Hilux na Land Cruiser, feni nyingi huendeshwa na injini kupitia klachi yenye mafuta mazito ya silikoni. Injini ikiwa ya moto na imezimwa, izungushe feni kwa mkono. Inapaswa kukaza. Ikizunguka kirahisi mara kadhaa, klachi imekufa.

Feni ikiwa nzima, angalia njia ya hewa. Kati ya kondensa na rejeta hujaa vumbi, mbawa za wadudu, majani na udongo wa barabara, na kwa mbele huoni kitu kwa sababu kondensa inaficha. Gari lililofanya kazi miaka mitatu barabara za vumbi huwa na zulia zima hapo katikati. Dawa ni kulegeza rejeta, kuipa nafasi, na kupitisha maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini kuelekea nje. Mwosha magari asielekeze mashine ya presha kubwa moja kwa moja kwenye wavu, atalaza mapezi yote ya alumini na utakuwa umejizibia mwenyewe. Halafu kuna lile kava la plastiki linalozunguka feni. Fundi akilifungua, mara nyingi bolti mbili zinapotea, mara ya pili kava lenyewe linatupwa nyuma ya gereji. Bila kava, feni inavuta hewa iliyo karibu nayo, ya pembeni, badala ya kuivuta kupitia rejeta. Ukinunua gari la mkononi, lifungue boneti uhakikishe lipo.

Mlima na mwendo

Ukitoka Morogoro kwenda Iringa, unapita joto la Ruaha Mbuyuni, kwenye mibuyu na vitunguu, na kabla gari halijapumua unaanza kupanda mlima Kitonga. Lori liko mbele, huwezi kulipita, uko gia ya pili, injini inanguruma na upepo wa safari ni kama haupo. Gari lenye rejeta iliyoziba nusu linaweza kuzunguka Dar mwaka mzima bila kulalamika, likaumbuka hapo. Zima AC kabla hujaanza kupanda, tumia gia ndogo ili pampu ya maji izunguke kwa kasi, na kwa gari la otomatiki shusha kwenye 2 au L badala ya kuiacha D inahangaika.

Gari linalochemsha mlimani au kwenye mwendo wa kasi, huku feni zikiwa nzima, lina shida ya mzunguko wa maji. Mara nyingi rejeta imeziba ndani, na walioiziba ni sisi wenyewe kwa maji ya kisima. Visima vingi vya Dar es Salaam vina maji ya chumvi. Chumvi na madini hujijenga ndani ya mirija, kutu ya injini ikaongezea, na rangi ya maji ikawa ya matofali. Wengine wamemwaga binzari ya unga ili kuziba tundu dogo, au dawa za dukani za kazi hiyohiyo. Tundu linaziba kweli, na mirija mingine inaziba nalo. Kama rejeta imeshanyweshwa vitu hivyo, usimlipe mtu kuisafisha, nunua nyingine.

Weka kulanti. Huzuia kutu, hulainisha pampu, na hupandisha kiwango cha kuchemka. Kama ni ile nzito, changanya nusu kwa nusu na maji yaliyokenekwa, yale ya betri yasiyo na tindikali. Soma chupa vizuri, maana madukani hukaa rafu moja na asidi. Kama ni iliyokwishachanganywa, usiongeze kitu.

Kisha mfuniko wa rejeta, kitu kidogo kinachodharauliwa kuliko vyote. Si kizibo tu. Una springi inayoshikilia presha ya takriban baa moja, na kwa presha hiyo maji matupu huchemka karibu nyuzi 120 badala ya 100. Springi ikichoka, injini iliyo nzima kabisa itachemsha. Kwa watu wa nyanda za juu jambo hili ni zito zaidi: Nairobi, kwa mwinuko wake, maji kwenye sufuria huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kiwango ambacho injini nyingi hukigusa kila siku zikiwa na afya. Mfuniko mbovu huko haukupi nafasi yoyote. Dalili zake ni kwamba tenki la akiba hujaa na kufurika huku rejeta ikipungua, au gari likipoa unakuta mpira wa juu umejikunja kama umenyonywa. Badilisha kwa wenye presha ileile iliyoandikwa juu ya mfuniko wa zamani.

Thamostati nayo imeonewa vya kutosha. Hii ni valvu inayofunga njia ya rejeta injini ikiwa baridi, na kuifungua ikipata moto. Kwenye Toyota nyingi imegongwa namba 82, yaani inaanza kufunguka kwenye nyuzi hizo. Ikikwama imefunga, gari linachemsha dakika chache baada ya kuwashwa, na mpira mmoja wa rejeta ni wa moto huku wa pili ni baridi. Fundi wa haraka anaitoa na kuitupa, anakwambia nchi zetu za joto hazihitaji kitu hicho. Si kweli. Bila thamostati injini haifikii joto lake kwenye mwendo, kompyuta inadhani bado ni asubuhi na kuendelea kumwaga mafuta, oili inachafuka mapema. Na kuna injini nyingi ambazo thamostati yake ina kisahani cha pili cha kufunga njia ya mkato. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita rejeta kabisa, na gari linachemsha zaidi kuliko awali.

Kabla ya kununua mpya, ipime jikoni. Itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, isiguse chini, weka na kipimajoto, washa jiko. Utaiona ikianza kuachia kwenye namba yake au karibu nayo, na maji yakikaribia kuchemka iwe imefunguka wazi. Ipime na mpya pia. Feki zimejaa.

Sababu zingine ni za kupitia haraka. Pampu ya maji inayovuja huacha alama ya kulanti iliyokauka chini ya puli yake. Mkanda uliolegea hupiga kelele. Mpira wa chini wa rejeta uliolainika hujifunga wenyewe kwenye mwendo kwa sababu pampu inaunyonya, kisha hufunguka ukisimama, na fundi akija haoni kitu: mwombe akupandishie moto injini, wewe uutazame. Na baada ya kazi yoyote ya maji, hewa itolewe: mfuniko wazi tangu injini ikiwa baridi, hita imewashwa kwenye joto la mwisho, pua ya gari imeinuka kidogo, injini inazunguka mpaka mapovu yaishe.

“Bosi, gesi imeisha”

Sasa AC yenyewe. Ukiambiwa hivyo, uliza: imekwenda wapi? Gesi ya AC haichomwi kama petroli. Inazunguka ndani ya mfumo uliofungwa na inaweza kukaa miaka mingi, ikipungua kidogo tu kupitia mipira na sili. Gari linalojazwa gesi kila mwaka linavuja, na fundi anayejaza bila kutafuta tundu anakuuzia kitu kilekile upya kila msimu. Gesi inapotoka hutoka na oili ya kompresa, kwa hiyo tundu huacha alama: doa la mafuta lililoshika vumbi kwenye maungio, kwenye kona ya kondensa iliyopigwa na jiwe, au mbele ya kompresa. Povu la sabuni linamaliza ubishi. Oili isiporudishwa kwa kiasi kilichopotea, kompresa inasaga chuma kwa chuma.

Kabla geji za presha hazijafungwa, fanya jaribio la bure. Injini ikiwa kwenye joto la kawaida, AC imewashwa, gari limesimama, mwagia kondensa maji kupitia grili kwa chupa. Baridi ikirudi ndani ya dakika moja, shida yako ni hewa: feni au uchafu. Rudi mwanzo wa makala.

Geji zikifungwa, kaa karibu usome na wewe. Gari likiwa limezimwa na kupoa, geji zote mbili husoma sawa, na kwa gesi ya R134a kwenye joto la nyuzi 30 ni karibu psi 97. Ikiwa ni 40, gesi ni ndogo kweli. Injini ikizunguka, upande wa chini kwa hali yetu ya hewa huwa kati ya psi 25 na 45, na wa juu kwenye 200 hadi 250. Zote mbili chini: gesi imepungua. Zote mbili juu: gesi imezidi, au kondensa haipati hewa, na hapa ndipo anayeongeza gesi zaidi anapoipasua kompresa. Wa chini uko juu na wa juu uko chini: kompresa haina nguvu. Wa chini unaelekea sifuri: kuna mahali pameziba, mara nyingi ekspansheni valvu au draya, ile inayonyonya unyevu.

Kiasi cha gesi kimeandikwa kwenye stika chini ya boneti, kwa gramu. Magari mengi madogo huhitaji kati ya 350 na 550 tu. Ijazwe kwa mizani, baada ya mfumo kuvutwa hewa na mashine kwa nusu saa angalau na kuachwa uonekane kama unashikilia. Unyevu ukibaki ndani huganda kwenye valvu, na utapata AC inayopooza dakika kumi, inakata, inarudi.

Gesi yenyewe itoke kwenye mtungi unaouona. Kuna wanaojaza gesi ya kupikia, na inapooza kweli, lakini umeweka kitu kinacholipuka ndani ya mfumo ambao sehemu yake moja iko nyuma ya dashibodi, mbele ya magoti ya abiria. Kuhusu gesi feki, mwaka 2011 makontena ya friji yaliyokuwa yamehudumiwa Vietnam yalilipuka na kuua watu, na uchunguzi ukaelekeza kwenye R134a bandia iliyochanganywa na methili kloridi, kemikali inayokula alumini na kuzaa kitu kinachowaka kikikutana na hewa. Kondensa yako ni ya alumini pia. Na kumwachia fundi aifungulie gesi ya zamani iende hewani ni tabia mbaya. R134a ni miongoni mwa gesi ambazo nchi za dunia zilikutana Kigali mwaka 2016 na kukubaliana kupunguza matumizi yake.

Kompresa ikivunjika ndani, usikubali ifungwe nyingine siku hiyohiyo bila kazi nyingine. Unga wa chuma umeshasambaa. Draya ibadilishwe, mabomba yasafishwe, na kondensa za kisasa zenye mirija membamba ni bora kuziweka mpya, vinginevyo kompresa ya mtumba uliyoipata mtaa wa Gerezani, Dar, kwa bei nzuri itakufa kwa uchafu wa mwenzake. Wenye Aqua na Prius wana la ziada: kompresa zao huendeshwa na umeme mkubwa na hutumia oili ya aina yake isiyopitisha umeme. Fundi asiyejua hilo asiguse nyaya za rangi ya machungwa.

Hewa ikiwa baridi lakini haina nguvu, toa kwanza filta ya AC nyuma ya kisanduku cha dashibodi upande wa abiria. Nimeona filta ambazo hazikuwahi kufunguliwa tangu gari lishuke melini. Ikiwa inapuliza vizuri mwanzo, kisha upepo unafifia, evapareta, ile sehemu ya AC iliyo nyuma ya dashibodi, inaganda barafu: zima AC, acha feni ya ndani kwa dakika kumi, upepo ukirudi ujue ndivyo.

Maji chini ya gari upande wa abiria yasikutishe, ni unyevu wa hewa, na Dar una mwingi. Yakiwa kwenye zulia ndani, yashike kwa vidole. Yakiwa maji matupu, bomba la kutolea limeziba, ni kazi ya waya mwembamba. Yakiteleza na kunukia utamu, huku kioo cha mbele kikipata ukungu wa mafuta, rejeta ndogo ya hita inavuja kulanti ya injini. Usiyaonje, kulanti ni sumu, na usiyaache mbwa au mtoto anapoweza kuyafikia.

Mshale ukipanda njiani

Zima AC. Fungua vioo, washa hita kwenye joto la mwisho na feni ya ndani kwa nguvu zote. Utatoka jasho, lakini hita ni rejeta ndogo na inaweza kukufikisha sehemu salama ya kuegesha. Mshale ukiendelea kupanda, simama, zima injini. Mshale ulioshuka ghafla mpaka baridi baada ya kupanda ni hatari kuliko ulio juu, kwa sababu huenda maji yameisha na sensa inapima mvuke. Usiendelee.

Mfuniko usiguswe mpaka mpira wa juu wa rejeta uweze kuushika na kuuminya bila kuunguzwa, na hilo linachukua nusu saa au zaidi. Maji yaliyo chini ya presha yakifunguliwa yanaruka usoni. Usimwagie injini ya moto maji baridi. Ikishapoa, jaza taratibu injini ikizunguka.

Halafu usiseme limepona. Gari lililochemsha kweli linaweza kuwa limeunguza gasketi ya silinda hedi, na hilo lichunguzwe kabla hujafanya safari nyingine. Injini ikiwa baridi, fungua mfuniko, mtu awashe: mapovu yanayoendelea kutoka kwenye rejeta ni ya gesi ya silinda. Mpira wa juu ukikakamaa ndani ya dakika moja ya kuwasha, maana ni hiyohiyo. Kijiti cha oili kikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia kwenye oili, injini isiwashwe tena. Na maji yanayopungua kila wiki bila tone lolote chini, pamoja na moshi mweupe unaoendelea injini ikiwa imeshapata moto, yanaungua ndani.

Gasketi ikithibitika, hedi ya alumini ikifunguliwa ipelekwe kupimwa kwa rula ya chuma, na ichongwe kwa mashine kama imepinda. Gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda haimalizi mwezi. Sababu ya kuchemsha nayo iwe imepatikana kabla ya kufunga. Siku ya kulichukua gari, fika asubuhi kabla hawajaliwasha. Fungua mfuniko uone maji yamefika shingoni. Liwashe mwenyewe, likae limesimama bila AC mpaka feni iwake na kuzima yenyewe mara mbili, kisha washa AC kwa dakika ishirini, ukitazama joto kwenye simu. Salio la fundi lilipwe baada ya hapo.